Jumatano za Nambunda

Alhamisi, 9 Januari 1969

Mimi ni mke wa mtu! Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye jalada la nyuma la daftari hili, kila mara kwa mwandiko mwingine, na kila mara imenipendeza. Scholastica, mke wa Kornelio. Siku tano zilizopita nilikuwa binti wa Nyangamara mwenye cheti cha kidato cha nne na sanduku moja la bati. Leo nimekaa kwenye baraza ya Shangazi Romana, huku Nambunda, milima ya Umatumbi, miguu imejaa matope mekundu hadi magotini, na hata matope nayapenda.

Tumesafiri siku tatu. Nyangamara hadi Lindi kwa basi, Lindi hadi Kilwa juu ya lori la magunia, kisha Tingi, na kutoka Tingi maili kumi kwa miguu kwa kuwa mvua imekata barabara. Kornelio alibeba kichwani tepurekoda ya Chuo Kikuu, ameifunika kwa koti lake la harusi, mwenyewe akalowa chapachapa.

"Bora ungenifunika mimi," nilimwambia.

"Wewe ukilowa utakauka. Hii ikilowa, maneno ya wazee yamekwenda."

Mwanamke mwingine angenuna. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini njiani.

Nieleze, ili wanangu wakisoma siku moja waelewe. Mume wangu anafundisha historia Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Huandika pia magazetini na kuzungumza redioni. Mimi niliipenda sauti yake kabla sijauona uso wake. Anasema wakoloni walitufundisha kwamba kabla yao hatukujua kujitawala, kumbe wazee wetu walikuwa na mabaraza, na kiongozi aliyewaonea watu aliondolewa mchana kweupe. Anasema uhuru wetu na ujamaa wetu vitasimama pale tu kila mtu atakaporudishiwa sauti yake barazani. Kitabu anachoandika kinahusu Vita vya Majimaji, vilivyoanzia katika milima hii hii. Hapa ndipo kwao, na amepewa likizo hadi mwisho wa Machi ili awasikilize wazee. Kwa hiyo fungate yetu ni utafiti. Sitaki fungate nyingine!

Ijumaa, 10 Januari

Wazee wamekuja kutuamkia. Hapa hakuna anayemwita Kornelio. Amepewa jina la babu yake, Mkwanda, baba yake Shangazi Romana, na kwa desturi ya watu hawa aliyerithi jina ndiye mwenyewe. Mzee Abilahi, ambaye meno yake yamebaki manne, alimwinamia kijana wa miaka thelathini na moja na kusema, "Shikamoo, Mzee Mkwanda."

"Marahaba," akajibu Kornelio, na baraza zima likacheka.

Kisha Mzee Abilahi akanigeukia. "Huyu ndiye mke wetu? Mkwanda, umri umekwenda lakini macho bado unayo."

"Babu, mimi ni mke wa mmoja tu."

"Ndivyo wanavyosema wote siku ya kwanza."

Huyu babu Mkwanda namfahamu zamani. Makala iliyompatia Kornelio jina nchini ilimhusu yeye, jinsi alivyokufa siku ya kwanza ya vita akipigana na Wajerumani. Niliikata gazetini nikaibandika ndani ya kabati langu bwenini. Na sasa nimelala katika nyumba ya binti yake! Nilimwambia hivyo Shangazi Romana. Aliniangalia, akasema, "Chukua ungo, mwanangu, tupepete."

Jumatano, 15 Januari

Kumbe Jumatano ni siku ya shamba la ujamaa. Alfajiri Mwenyekiti Sebastiani hugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkorosho, na kijiji chote hutoka na majembe. Shamba ni ekari arobaini za pamba kwenye mgongo wa mlima, ardhi nyeusi, nzuri kama keki. Tulikwenda na sisi. Kornelio alilima mistari miwili akapata malengelenge manne, nami niliyabusu yote tulipofika nyumbani.

Wazee saba hawakutokea. Tulipita kuwapa pole. Mzee Abilahi alikuwa amelala kitandani, shuka hadi kidevuni.

"Kiuno, mke wangu. Kimenishika."

Maskini.

Alhamisi, 16 Januari

Mvua. Mzee Abilahi amepita na mzigo wa kuni.

Jumapili, 19 Januari

Siku tukufu. Baada ya Wakristo kutoka kanisani na Waislamu kumaliza shughuli zao, wazee wote walikusanyika katika darasa la shule, na Kornelio akawasha mashine. Magurudumu mawili yakaanza kuzunguka taratibu. Mimi nilikaa pembeni na daftari, naandika majina. Alimwuliza kila mmoja: Je, watu wa hapa waliinuka pamoja? Je, kulikuwa na mabaraza? Je, walikubaliana?

"Ndiyo, Mzee Mkwanda. Sote, kwa umoja."

"Ndiyo, Mzee Mkwanda. Kama ulivyosema."

Mmoja baada ya mwingine, kama litania ya kanisani! Bibi Mwanaheri, ambaye ni mkongwe kuliko wote hapa, alisema "Ndiyo" tu, akafunga kanga yake vizuri.

Jioni Kornelio alinishika kiuno akanizungusha baraza nzima. "Umesikia? Ushahidi mtupu! Sura ya tano imejiandika yenyewe." Nimeolewa na mtu anayecheza ngoma kwa sababu ya sura ya tano. Asante Mungu.

Jumatano, 22 Januari

Rimu imelia. Wazee saba wanaumwa viuno.

Sebastiani alisimama mwisho wa mstari, kijana mrefu, mwembamba, amevaa koti la mvua lenye mikono mifupi, akaandika majina yao. Hakukasirika. Aliandika kama mtu anayeumwa jino.

Jumamosi, 25 Januari

Kornelio anapofikiri huvuta ndewe ya sikio la kushoto. Nimeona leo kwamba limerefuka kidogo kuliko la kulia. Sitamwambia kamwe. Ni siri yangu na sikio hilo.

Jumatano, 29 Januari

Leo nilibaki nyumbani kwa homa kidogo. Nilipopata nafuu, kama saa nne, nikachukua chupa ya mafuta ya nazi niliyoyachanganya na karafuu nikaenda kumkanda Bibi Mwanaheri kiuno chake. Sikumkuta ndani. Nilizunguka nyuma, nikamkuta katikati ya shamba lake la mtama, ameinama, anapalilia kwa kasi ambayo mimi wa miaka ishirini siiwezi, huku anaimba.

"Shikamoo, bibi. Nimeleta mafuta ya kiuno."

Alinyooka. Tukaangaliana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kiuno kimepona sasa hivi."

"Nimefurahi."

"Lakini kesho asubuhi kitakuwa kizima zaidi. Jumatano huwa kinasumbua." Kisha akacheka, meno yote yako kamili. "Hebu nipe hayo mafuta. Nitapaka kichwani."

Sikumwambia Kornelio. Nilidhani ni uvivu wa uzee, na uvivu wa uzee una haki yake.

Jumatatu, 3 Februari

Pamba imeota. Kutoka barazani huonekana kama mtu ameuchora mlima kwa chaki ya kijani.

Jumatano, 5 Februari

Wazee saba, viuno saba.

Jumapili, 9 Februari

Sebastiani alikuja, akakataa kiti, kisha akakikubali. Alitoa barua ya wilaya mfukoni. Wilaya inataka orodha ya wanaopinga kazi ya ujamaa. Mkazi atakayekosa mara tano bila cheti cha zahanati afutwe katika kijiji, aondoke, na nyumba yake ivunjwe. Tarehe mosi Machi kutakuwa na mkutano wa wote kupitisha majina.

"Wazee wenyewe ni wale wale saba," alisema. "Mimi siwatakii mabaya, Mwalimu. Bibi Mwanaheri ndiye aliyemzalisha mama yangu. Lakini vijana wanauliza, kwa nini sisi tulime na wao walale? Nikinyamaza, mwaka kesho hakuna atakayetoka."

"Umesema kweli," akajibu Kornelio.

"Basi nakuomba uzungumze siku hiyo. Wewe watakusikia. Waeleze umoja wa Majimaji, kama ulivyosema redioni."

"Nitazungumza. Kwa moyo wote."

Hivyo tu. Hakuuliza nyumba zile zimesimama tangu lini. Hakuuliza Bibi Mwanaheri atakwenda wapi na miaka yake zaidi ya sabini. Alianza palepale kuandika hotuba, akivuta sikio lake. Nilimwangalia na kwa mara ya kwanza nikajiuliza masikio yale ninayoyapenda husikia nini. Nimeona aibu kuandika hivyo. Sifuti.

Jumatano, 12 Februari

Leo sikuwa na homa. Nilisema ninayo. Nilikwenda kwa Bibi Mwanaheri nikamkuta anachambua kunde, nikamweleza kuhusu ile orodha.

Hakushtuka. Aliendelea kuchambua. Nikamwomba, "Bibi, nenda Jumatano moja tu. Simama pembeni. Shika jembe, usilime."

"Nilishasimama pale," akasema. "Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni."

Akanisimulia. Nitaandika kama alivyosema, maana hakulia na mimi sitaki kuongeza chochote.

Mgongo ule wa mlima ndio uliokuwa shamba la pamba la Wajerumani. Jumbe aliagiza kila nyumba itoe watu. Kulikuwa na msimamizi, mtu wa hapahapa, mwenye kamba yenye mafundo, kila fundo nyumba moja. Asubuhi alisimama mwisho wa mstari akipitisha mafundo vidoleni, akiita. Fundo lisiloitikiwa, mwenye nyumba alilala chini akachapwa kiboko. Mama yake Mwanaheri alikuwa na mtama wake umekomaa bondeni. Aliomba siku mbili akavune. Msimamizi akasema kamba haina siku mbili. Nguruwe wakala mtama wote. Mwaka uliofuata yule mdogo wake wa mgongoni akafa kwa njaa.

"Watu walipoinuka," alisema, "hawakuanza na Mjerumani. Mjerumani alikuwa mbali, Kilwa. Walianza na mwenye kamba. Walimwua pale shambani, asubuhi, mbele ya mistari."

Nilishajua kabla sijauliza. Niliuliza hata hivyo.

"Aliitwa nani, bibi?"

"Si unalala naye?"

Kisha akanipiga kofi dogo gotini, kwa upole. "Usiogope. Huyu wako ni mtoto mzuri. Lakini mke wa yule alibaki na mtoto wa kiume na mimba tumboni. Wazee wetu wakakaa, wakasema, hawa hawakushika kamba. Tuwalee. Na mtu yeyote asilitamke jambo hili mbele yao wala mbele ya watoto wao. Tumeshika neno hilo mpaka leo. Sasa Mkwanda mwenyewe amerudi, anatuketisha darasani, anatuuliza, 'Je, mlifanya kazi kwa umoja?' Ulitaka tumjibu nini?"

Mimba ile ya tumboni ni Shangazi Romana.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua siku nzima. Nimeunguza wali.

Ijumaa, 14 Februari

Kornelio amenisomea hotuba yake. Ni nzuri sana. Hilo ndilo linaloniumiza. Alipofika mahali anaposema "shamba hili ni shamba la uhuru, na damu ya babu yangu iko katika udongo wake," nilikwenda jikoni kuangalia moto ambao haukuwepo.

Jumapili, 16 Februari

Nilimwuliza Shangazi Romana tukiwa kisimani. Hakusema sijui.

"Mama alinieleza akikaribia kufa. Kaka yangu, baba wa mumeo, hakuelezwa kamwe. Aliondoka hapa akajua baba yetu ni shujaa, akamlea mwanawe hivyo. Ningemvunjia ya nini?"

"Lakini shangazi, sasa wazee watafukuzwa."

Aliinyoosha kata kichwani, akajitwisha ndoo yake. "Mwanangu, mke wa mwezi mmoja hampelekei mumewe maneno kama hayo."

"Wa miezi mingapi humpelekea?"

Alitembea polepole, akiningoja, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumatano ya Majivu, 19 Februari

Rimu ililia na kengele ya kanisa ikalia. Wakristo tulikwenda kanisani kwanza. Nikiwa na msalaba wa majivu usoni nilipita kwa Bibi Mwanaheri kumwomba ruhusa. Siwezi kulichukua neno la mtu nikalipeleka bila yeye kujua.

"Mwambie," akasema. "Lakini asije hapa kwangu na jina lile."

Nilimwambia Kornelio mchana, tumekaa juu ya kitanda, mvua inagonga makuti. Nilimwambia yote bila kupamba. Nilidhani atanikatiza kwa maswali ya kisomi, chanzo kipi, mwaka gani, nani mwingine. Hakuuliza. Alivua miwani akaishika mkononi. Mwisho akasema neno moja tu, "Kamba," akatoka nje bila kofia.

Nimekaa na majivu yangu. Nimeolewa wiki sita na nusu.

Alhamisi, 20 Februari

Hasemi. Anakula. Anashukuru kwa chakula.

Ijumaa, 21 Februari

Leo amesikiliza kanda zote tangu mwanzo. Anasikiliza, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Nilikuwa nashona karibu yake. Sauti za wazee zinatoka kwenye kile kisanduku: Ndiyo, Mzee Mkwanda. Ndiyo, Mzee Mkwanda. Kama ulivyosema, Mzee Mkwanda.

Akazima.

"Scholastica, hawakuwa wakinijibu mimi."

"Hapana."

"Nimekuwa nikiandika miaka minne kwamba mtu akimwogopa anayeuliza, jibu si jibu. Nimeandika hivyo kuhusu wamisionari. Nimeandika hivyo kuhusu makarani wa Kijerumani." Akavuta sikio lake. "Na makala ile ndiyo iliyonipa kazi."

"Najua. Niliibandika kabatini."

Alicheka kidogo, kicheko kama mtu anayekohoa, kisha akaweka kichwa chake mapajani mwangu, nami nikaacha kushona. Sijapungua kumpenda. Nilifikiri labda nitapungua, nikajichunguza kama mtu anayepapasa mguu baada ya kuanguka. Hapana. Ila sasa nampenda mtu mwenyewe, wala si ile sauti ya redioni.

Alhamisi, 27 Februari

Idi ya Haji. Tumealikwa kwa Mzee Abilahi, tukala pilau ya mbuzi. Kornelio aliwahi kumsalimu, "Shikamoo, babu," kabla mzee hajainama. Mzee Abilahi akasema "Marahaba," taratibu, kama anaonja chumvi.

Hotuba ya zamani ameichana. Sijui atasema nini. Ananiambia hajui pia.

Jumamosi, 1 Machi

Nitaandika kwa urefu, nisisahau neno.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, jua limetoka baada ya siku nne. Watu walikuwa zaidi ya mia. Sebastiani alisoma barua ya wilaya, halafu akasoma majina saba. Alipofika kwa Mwanaheri sauti yake ilipungua, akarudia. Wazee walikaa mstari mmoja kwenye mkeka, wamevaa nguo zao za Idi. Hapo nikaelewa kwamba walikuja kuaga.

"Sasa Mwalimu atatueleza juu ya umoja," akasema Sebastiani.

Kornelio alisimama. Hakuwa na karatasi.

"Nimeombwa niseme juu ya umoja," alianza. "Nina jambo la kutangulia. Niliandika gazetini kwamba babu yangu alikufa hapa akipigana na Wajerumani. Sikumwuliza mtu. Nilipokuja kuuliza, niliuliza nikiwa nimelivaa jina lake, na nyinyi mkanistahi. Babu yangu hakupigana na Mjerumani. Alimshikia Mjerumani kamba, juu pale kwenye pamba, na aliuawa na watu aliowaita kwa mafundo. Hayo ndiyo ninayoyajua. Yanayobaki mnayajua nyinyi. Naomba kusikia."

Nilimwona Mzee Abilahi anafungua mdomo, anamwangalia Kornelio, anaufunga. Miaka sitini na minne ya kunyamaza haiondoki kwa kuombwa vizuri.

Ndipo Shangazi Romana akasimama. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kusema mkutanoni hata kuomba maji! Alikuja akasimama mbele ya mume wangu, akamwekea mkono kifuani.

"Huyu ni Kornelio," alisema. "Mkwanda yuko kaburini. Mimi ni mwanawe, nilizaliwa ameshazikwa, mkanilea nyinyi. Mmeninyamazia nikala vyakula vyenu mpaka nikazeeka. Nawashukuru. Sasa inatosha. Semeni, nami nitasikiliza nikiwa nimesimama."

Na akabaki amesimama, jua lote lile, mpaka mwisho.

Bibi Mwanaheri alisema wa kwanza. Aliyoniambia mimi aliyasema tena, mafupi zaidi. Kisha wengine. Mmoja alieleza makovu ya kiboko mgongoni mwa baba yake. Wasichana niliolima nao Jumatano walikuwa wamefumba midomo kwa viganja. Kijana mmoja akauliza kwa hasira, "Basi kwa nini hamkusema siku tulipochagua shamba?"

"Mlichagua lini?" akasema Mzee Abilahi. "Mlikuja na Bwana Shamba mmeshapiga vigingi."

Sebastiani akainuka. "Mzee, niliuliza mbele ya watu wote kama kuna pingamizi!"

"Uliuliza. Ulikuwa umeshika kalamu, na karatasi yenye majina yetu. Ulisimama mwisho wa mstari, mwanangu. Tukikutazama tuliona nini?"

Sebastiani akaitazama kalamu yake. Akaiweka mfukoni. Nilimwonea huruma kuliko nilivyotarajia.

"Sawa," alisema. "Sawa. Lakini mimi nitaandika nini wilayani?"

"Andika kilichosemwa," akasema Kornelio.

"Wewe utarudi Dar es Salaam, Mwalimu. Mimi nitabaki hapa na Mkuu wa Wilaya."

Kornelio alikubali kwamba ni kweli, akakaa chini. Nadhani hilo nalo lilisaidia, maana watu walianza kusemezana wao kwa wao, si kumtazama yeye. Wakabishana karibu saa nzima. Wengine walisema pamba ni pamba na ardhi haina kosa. Wengine wakataka ing'olewe leo leo. Mama mmoja alisema kwa nini wazee wasilime mpunga wa kijiji bondeni, nayo ni kazi ya ujamaa vilevile, na wenye nguvu waendelee juu hadi mavuno, kisha mkutano uketi tena kuamua. Hilo likashika.

Walipiga kura kwa kusimama pande mbili za uwanja. Wa kufuta majina, kumi na tisa. Wa kutofuta, mia moja na kumi na wawili. Mimi si mkazi, sikusimama popote, nilikuwa nalia tu.

"Na mwenyekiti?" mtu akauliza.

"Mwenyekiti hapigi kura," akasema Sebastiani, akijipangusa jasho. "Leo nimeipenda sheria hiyo."

Jumapili, 2 Machi

Tumelala mpaka saa tatu!

Jumatano, 5 Machi

Rimu. Wazee saba bondeni, magoti ndani ya maji. Mzee Abilahi anasema kweli kiuno kinamwuma sasa, na hakuna anayemwamini.

Jumapili, 9 Machi

Kornelio amemaliza makala mpya ya kusahihisha ile ya zamani. Ameandika kwamba alikosea, na alikosea vipi. Hajui kama mhariri ataichapa, wala wakubwa wake Chuoni watasema nini juu ya mwanahistoria aliyeshindwa kuuliza nyumbani kwao. Sura ya tano ameitoa kitabuni. Nilimwuliza nini kitakaa mahali pake.

"Sijui bado."

Anapenda kusema hivyo siku hizi. Inamfaa.

Alhamisi, 13 Machi

Barua imekuja. Mkuu wa Wilaya anamtaka Sebastiani bomani Kilwa Masoko siku ya Jumatatu, aje na maelezo kwa nini kijiji kimekataa agizo, na kama wale saba wapo bado kijijini. Sebastiani aliisoma amesimama barazani petu, koti lake linachuruzika maji.

"Nitakwenda nawe," akasema Kornelio palepale. "Nitaandika maelezo. Nitayasoma mwenyewe mbele yake."

Sebastiani alimshika mkono.

Jumamosi, 15 Machi

Maelezo yamefika kurasa tisa. Mimi ndiye ninayenakili. Ni kurasa safi, zenye tarehe na hoja, na zinaeleza vizuri hofu ya wazee, historia ya kilimo cha lazima, na haki ya kijiji kujiamulia. Nimemwambia ukurasa wa saba unachosha. Ameukata nusu.

Jumatatu, 17 Machi

Lori la ushirika lililokwama hapa tangu Ijumaa lilikubali kuwabeba. Tulishuka njia panda saa kumi na mbili asubuhi, Kornelio na koti lake la harusi lililopauka kwa mvua, kurasa kifuani, mimi na mihogo yao ya njiani. Sebastiani alikuwa amesimama kando ya lori, mikono kiunoni, anatazama juu.

Walikuwa wamekaa ndani. Wote saba. Bibi Mwanaheri mbele na dereva, furushi la nguo mapajani. Wengine nyuma juu ya magunia, na Shangazi Romana kati yao, ambaye alituambia anakwenda kisimani.

"Nafasi imekwisha," akasema Sebastiani. Sikujua kama anacheka. "Imebaki yangu."

Kornelio alizitoa kurasa zake. "Babu, basi chukueni hizi. Nimeandika kila kitu."

Mzee Abilahi aliinama kutoka juu, akazipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akazitazama kwa muda, ingawa najua hasomi. Kisha akamrudishia.

"Ni nzuri, Kornelio. Zina maneno mengi. Zihifadhi."

Kornelio! Kwa jina lake!

"Mtasema nini mbele ya Mkuu?" aliuliza mume wangu.

"Tutakapofika tutajua. Wewe umeshasema yako. Baki na mke wetu."

Lori likaondoka. Bibi Mwanaheri hakugeuka nyuma, alikuwa anamfokea dereva aende taratibu kwenye mashimo. Tulisimama njia panda mpaka mlio wake ukawa mdogo kama wa nyuki, halafu ukaisha.

Kornelio bado alikuwa ameshika kurasa. Nilidhani atahuzunika. Akanitazama, macho yamemtoka kama mtu aliyeona bahari mara ya kwanza, akasema, "Scholastica, sijui kabisa watasema nini."

"Wala mimi."

Tumerudi nyumbani tumeshikana mikono, matope mpaka magotini. Ni saa tatu sasa. Nikipiga hesabu ya mwendo, lori limeshapita Tingi.